Mtuma

Ijumaa wageni hawaji,
kwa hiyo Ijumaa ni yangu.
Zahran huniachia ufunguo chini ya mtungi,
na ndoo, na dawa ya vioo inayonuka ndimu.
Nyumba yenyewe vyumba vitatu, udongo na majani makavu,
mtaa wa kale wa Ibra ambako nyumba nyingine
zimeshapiga magoti.
Ngazi ya tano hulia ukiikanyaga.
Nimeizoea. Huiitikia marahaba, nikapanda.

Chumba cha kwanza: miwani,
mkono mmoja umefungwa uzi mweusi.
Kikombe cha kahawa, machicha yamegandia ndani.
Ukaya wake, umekunjwa vizuri kuliko alivyoukunja mwenyewe,
maana niliukunja mimi.
Ukutani maneno ya dhahabu, Kiarabu na Kiingereza:
hapa aliishi Shinuna binti Sleyum,
mwandishi wa hadithi za kutisha.
Kiswahili, alichoandikia, hakikupata nafasi ubaoni.

Chumba cha pili ni cha kuogofya watoto wa shule.
Unabonyeza kitufe, taa inageuka nyekundu,
mwanamume mwenye sauti ya redio anasimulia kisima
kinachoita watu kwa sauti za mama zao,
bibi harusi anayechana nywele
na chanuo likajaa nywele zisizo zake,
nyumba ambayo kivuli chake, alasiri,
kina madirisha mengi kuliko nyumba.
Watoto hupiga kelele, hucheka, huacha maganda ya pipi.
Mimi huyaokota. Hofu yangu ni sisimizi.

Lakini chumba cha tatu.
Taipureta yake, ndani ya kioo, haina kitufe cha w.
Kiling'oka melini, au kwa mtoto, au aliinunua hivyo:
Zahran hajui.
Ni mjukuu, na Kiswahili chake ni cha jikoni,
mandazi, njoo, pilipili, lala.
Kurasa amezitandaza kwa uzuri wa karatasi.
Mimi nazisoma, kitambaa mkononi.

Kila alipopiga wafu, karatasi ilisema afu,
ua lile jeupe la vichakani,
basi makaburi yake yote yananukia.
Baadaye alirudi na kalamu ya risasi
akawarejeshea wafu herufi yao, mmoja mmoja,
taratibu, kama anayemvalisha mtoto viatu.

Ila neno moja hakuligusa.
Kila hadithi ina mtu wa kufungua mlango.
Mzuka unabisha, bwana yuko chini ya kitanda,
na yeye ndiye anayekwenda na taa.
Hana jina. Hafi, haolewi, hapewi hata kikohozi.
Mtumwa, alitaka kuandika.
Mashine ikaandika mtuma.
Akaiacha hivyo, kurasa mia mbili, mtuma, mtuma,
hata usijue katika nyumba ile
nani anamtuma nani.

Alisahau? Aliona haya?
Siku nyingine nasema alijua.
Siku nyingine nasugua kioo mpaka uso wangu
unakaa juu ya neno,
nakumbuka pasipoti yangu iko kabatini kwa mtu.

Ijumaa iliyopita nilifungua kioo.
Ufunguo mdogo uko kwenye pete ile ile,
hakuna aliyewahi kunikataza.
Nikatia risiti ya sabuni,
nikapiga jina langu kwa kidole kimoja:
Manamkasi.
Utepe mkavu, herufi za kijivu.
Kalamu yake ya risasi bado ina ncha.

Ndipo ngazi ya tano ikalia,
na mimi nilikuwa juu tayari.
Hapana hodi, hapana hatua ya sita.

Niliimalizia kwanza w yangu,
ndogo, juu kidogo, kati ya M na a.
Kisha nikasema, bila kugeuka:
marahaba.